Boti ya Ndiani ni Ndogo

Siku Nthenya alipowasomea watu wa Ndiani mpango wake, Ndolo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema boti ni ndogo. Nthenya aliyachukua maneno hayo kama yalivyosemwa.

Boti yenyewe ilikuwa ya mbao, bapa chini, na Ndolo ndiye aliyeiunda kwa mikono yake aliporudi kutoka Masinga, alikokuwa akivua samaki tangu bwawa lilipojaa. Mtu akiunda boti halafu akasema ni ndogo, anastahili kusikilizwa. Nthenya, afisa wa maendeleo ya jamii wa tarafa, hakuwa na mazoea ya kubishana na jambo kabla ya kulipima. Aliagiza magunia yajazwe mchanga, kila gunia uzito wa mtu mzima, akayapanga ndani ya boti kama abiria, na moja akaongeza juu ya idadi aliyokusudia. Boti ilizama kidogo tu. Ubavu wake ulibaki zaidi ya shubiri juu ya maji.

"Unaona, Ndolo? Bado iko juu."

"Naona, madam."

"Sasa?"

"Ni ndogo tu, madam."

Wanawake waliokuwa wakikata mafunjo ukingoni waliangua kicheko. Mwenyekiti wao peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mbali nyuma ya mkuyu, amewapa mgongo, anakata matete ambayo hakuna aliyeyahitaji. Jina lake lilikuwa Mbula, ingawa wote walimwita Mama Kalondu. Nthenya alikuwa ameona mara kadhaa kwamba Ndolo akitokea, mama huyu hupata kazi upande wa pili. Alihitimisha kwamba anamdharau kijana, akaona hilo si jambo la kuandikiwa ripoti.

Mambo mengine yote aliyapanga vizuri. Kinamasi cha Ndiani kilitoka kwenye chemchemi zilizopenya chini ya mawe meusi ya Chyulu, nacho kilikaa kijani hata mwaka ambao ng'ombe wa Kibwezi walikufa wamesimama. Wanawake wa kikundi walikata mafunjo yake na kufuma mikeka tangu mama zao walipokuwa hai. Sasa kulikuwa na mkulima wa vitunguu aliyetaka akodishiwe mahali hapo na kanseli, halmashauri ya wilaya, achimbe mitaro, ayatoe maji, alime. Nthenya alipeleka pendekezo lake: watalii wanaopita barabara ya Mombasa kwenda Tsavo wasimame Ndiani, wapelekwe kwa boti kuona ndege, viboko na mafunjo, wakiwa na mtu wa kuwaeleza. Kanseli ilijibu kwamba Alhamisi ingemtuma afisa wake, Bwana Mutunga, apande boti hiyo mwenyewe. Akiridhika, mitaro haitachimbwa. Asiporidhika, vitunguu.

Mwendesha boti alikuwa Ndolo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kushika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Mwelezaji alikuwa Mama Kalondu. Alizaliwa kando ya maji hayo, alijua kiboko hulala wapi jua likiwa kali, na miaka aliyolea watoto wa wafanyakazi wa reli kule Makindu ilimwachia Kiingereza cha kumtosha mgeni yeyote. Nthenya aliwapanga wawili hao jinsi mtu anavyopanga mafiga. Kila mmoja ana kazi yake, na hakuna wa akiba.

Lakini mazoezi hayakufanyika. Jumatatu Mama Kalondu alikuja, Ndolo akapeleka habari kwamba ana homa. Jumanne Ndolo alikuja amepona kabisa, Mama Kalondu akawa na mkutano wa akina mama kanisani. Jumatano Ndolo aliugua tena.

Nthenya alichukua dawa za malaria, akapanda baiskeli mpaka nyumbani kwake. Mgonjwa alikuwa juu ya paa la jiko, anapigilia mabati. Alipomwona madam alishuka upande wa nyuma, akapotea kwenye mbaazi.

Mkewe alikuwa uani akipukuchua mahindi. Nthenya alimjua kwa jina la Mama Kiema, kwa mtoto wao wa kwanza.

"Homa imeisha?" Nthenya aliuliza.

"Homa gani, madam? Huyo ni mzima kama punda." Mama Kiema alimsogezea kigoda. "Kwani wewe ni wa wapi?"

"Kikima."

"Na huko kwenu Mbooni hamna nthoni?"

Nthenya alianza kujibu kwamba swali halihusiani na boti. Kuna kitu kilikuwa kikijipanga kichwani mwake, naye hakukipenda.

"Mama Kalondu," alisema polepole, "ni mama wa Kalondu gani?"

"Kalondu ni mimi," alisema Mama Kiema, akatupa gunzi kwenye kikapu.

Nthenya aliketi. Baba yake alikuwa mhubiri, na nthoni, ile heshima ya wakwe kuepukana, aliiondoa nyumbani kwake kwa mahubiri ya Jumapili moja. Wakwe zake walikula meza moja na mama yao mkwe, wakamwomba chumvi. Nthenya alikua akilijua neno hilo tu, akadhani desturi yenyewe imekwisha kila mahali kama ilivyokwisha kwao. Mwanamume haketi kiti kimoja na mama wa mkewe. Hamtazami usoni, halitaji jina lake, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani ampishe mwenzake. Na yeye amewapangia boti moja, kisha akaleta mchanga kuthibitisha kwamba wanatosha.

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie nini? Amtaje muthoni wake, mama yangu, mbele ya watu? Alikuambia boti ni ndogo."

"Aliniambia."

"Basi."

"Si kuna njia ya kuimaliza?"

"Iko. Kuna mbuzi, kuna blanketi, wazee wakae. Si mambo ya kufikia kesho. Halafu mama hataki iishe. Anasema hawa wakwe wa siku hizi wanamjibu mama mkwe kama makanga wa matatu. Yeye wake anataka aendelee kuogopa." Kalondu alicheka, kisha akaacha. "Lakini mikeka pia anaitaka, madam. Jana usiku hakula."

Nthenya hakuwa mtu wa kuishawishi desturi kwamba haipo. Kama maji yana kina fulani, unakata upondo wa kukifikia. Aliuliza maswali ambayo Kalondu aliyaona ya ajabu: je, mgongo unakatazwa? Hapana, mgongo si uso. Na sauti? Sauti inasikika, ila hawasemezani. Atakuwepo mtu wa katikati, yeye ndiye atapokea neno na kulipeleka. Na wakiwa vyumba viwili chini ya paa moja? Hiyo ni sawa, mbona watu wanalala hivyo matanga yakitokea.

Jioni hiyo boti ilipata vyumba viwili. Nthenya alisimamisha fito mbili karibu na nyuma, akatundika mkeka mpana wa mafunjo kati yake. Mama Kalondu angeketi mbele kabisa, ametazama mbele, abiria nyuma yake. Ndolo angesimama nyuma ya mkeka na kuona njia kwa juu. Nthenya mwenyewe angeketi pembeni ya mkeka, awe mtu wa katikati. Alimweleza kila mmoja peke yake. Ndolo aliutazama mkeka kwa muda mrefu, akasema "tutaona." Mama Kalondu naye akasema hivyo hivyo.

Alhamisi Bwana Mutunga alifika amevaa suti na viatu vilivyong'aa. Mama Kalondu aliingia kwanza, leso imefunika kichwa mpaka mabegani. Ndolo aliingia mwisho, akipitia majini upande wa nyuma ili asipite karibu naye. Boti ikaondoka.

Mwanzo ulikwenda vyema. Mama Kalondu alieleza funjo la kufuma mkeka na lile la kuezekea, akaonyesha kiota cha korongo. Akitaka mwendo upungue, alimwambia Nthenya.

"Madam, mwambie aende polepole."

"Ndolo, polepole," alisema Nthenya, na boti ikapunguza mwendo.

"Kwani huyo kijana hasikii?" Mutunga aliuliza.

"Anasikia sana. Ni utaratibu wa boti."

Walipokata kona ya pili, ndege mkubwa aliruka kutoka kwenye matete, na Mutunga akasimama amwone. Boti iliyumba. Nthenya alimgeukia, akamshika koti, akaanza kumwambia aketi. Kwa hiyo hakuona mapovu yaliyopanda mbele ya boti. Ndolo hakuyaona pia. Mbele yake kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka mgongo wa suti.

Mama Kalondu aliyaona. "Madam," alisema. Nthenya alikuwa bado na Mutunga. "Madam!"

Mapovu yalisogea. Mtu wa katikati hakuwapo. Mama Kalondu hakugeuka. Aliinua mkono, akapiga ubao wa mbele kwa kiganja.

"Boti! Wewe boti! Rudi nyuma! Nyuma, boti, kushoto!"

Boti ilirudi nyuma. Upondo uliingia topeni kwa nguvu iliyomwangusha Mutunga kwenye kiti chake, na mbao zikateleza kushoto hadi ndani ya mafunjo. Pale walipokuwa, maji yalipasuka. Kiboko alitoa kichwa, akapuliza, akawatazama kwa macho madogo, kisha akazama akaenda zake.

Mwishowe sauti ya Ndolo ilitoka nyuma ya mkeka, haikuelekezwa kwa mtu.

"Boti imesikia."

Mama Kalondu alikuwa bado ametazama mbele.

"Hii boti ina akili," aliyaambia maji. "Aliyeiunda alilelewa vizuri."

Kisha upondo ukaingia tena majini, taratibu sana, kama mtu anayebeba kitu kisimwagike.

Walipofika ukingoni Mutunga alishuka kwa haraka, akapata tope mpaka magotini. Alimvuta Nthenya kando. "Hiyo ya kuongea na boti ni mchezo wa kuwafurahisha wageni, ama nini?"

Nthenya angeweza kusema ndiyo. Alimweleza ukweli wote: nthoni, mchanga, mkeka, na kwamba mkeka wake uliziba njia na mtu wa katikati alichelewa, na yote mawili yalikuwa makosa yake. Amri itolewe moja kwa moja kwa boti, mkeka ukatwe ushuke, na abiria wasisimame. Kiboko ni hatari, hilo hangelificha.

Mutunga alikuwa akifuta kiatu kwa jani. "Mimi mama mkwe wangu yuko Kalamba," alisema. "Nikienda huko naegesha gari mbali, napiga honi, nangoja mpaka aingie ndani. Na mimi nina digrii." Alitupa jani. "Mitaro haichimbwi mwaka huu. Mwaka ujao nitarudi nione. Huo mkeka uukate leo."

Ndolo alikuwa akifunga kamba. Nthenya alimwendea na kisu.

"Basi boti si ndogo tena?"

"Ilikuwa ndogo, madam." Ndolo alijaribu kutocheka. "Imekua."

Nyuma ya mkuyu Mama Kalondu alikuwa amewapa mgongo, anakata matete yasiyohitajika, akimpisha mkwe wake amalize kazi. Nthenya aliharakisha kukata mkeka, ili mama wa watu apate kupumzika.