Pasipoti ya Mpishi Imetangulia

Jumapili mchana fundi saa alifunga kibanda chake mapema kuliko siku nyingine. Alifuta kibano kwa kitambaa chenye spiriti, akarudisha skrubu kwenye visahani vyake, akavua lenzi aliyokuwa ameibana jichoni tangu asubuhi. Lenzi ilimwachia duara kuzunguka jicho, naye akatoka nalo barabarani hivyo hivyo, maana mtaa mzima ulishalizoea. Alikatiza kichochoro cha nyuma ya karakana ya matofali, akafuata mtaro wa maji ya mvua mpaka pale unapopita chini ya barabara. Hapo alichuchumaa, akapiga simu.

"Umefika?" mumewe aliuliza.

"Nimefika. Wewe?"

"Nafunga viatu. Mbweha kaniwahi. Yupo hapa kwenye benchi ananiangalia kama mimi ndiye niliyechelewa."

"Si umechelewa kweli?"

"Haya, umeshaanza."

Mumewe alikuwa mpishi wa kambi ya wafanyakazi katika nchi ya mbali, nchi ambayo nusu ya mwaka watu huongea huku mvuke ukiwatoka mdomoni. Alikwenda kwa mkataba. Kabla ya hapo, wawili hawa walijulikana mtaani kama wasaka makopo. Mchezo wenyewe si mgumu: mtu anaficha kopo mahali, anaweka namba za mahali hapo mtandaoni, na mwenye simu anazifuata namba mpaka alikute. Ndani ya kopo mna vitu vidogovidogo. Ukichukua kimoja, unaacha kingine cha thamani ileile, unaandika kwamba umelipata, kisha unalirudisha ulipolikuta. Wapo wachumba wanaopelekana ufukweni kula upepo. Hawa walipelekana majalalani na vichakani, na ndoa yao ikashika kuliko za wengi waliokula upepo.

Mchezo huo hauchezwi peke yako hata ukiwa peke yako. Nyumbani walishakuta kenge amejilaza juu ya kopo, wakamsubiri mpaka akashiba jua akaondoka kwa hiari yake. Kule ugenini mpishi aliwahi kufunua kopo akakuta kalunguyeye amelala ndani, fofofo. Alimfunika majani, akarudi kambini, akaandika kwamba siku hiyo hakupata kitu. Mkewe aliposimuliwa alimpenda upya, akamwambia hivyo hivyo kwenye simu bila haya.

Nguchiro alianza kuja mkataba ukiwa katikati. Fundi alikuwa ameweka gurudumu dogo la saa ndani ya kopo lao la mtaroni, kopo la rangi lenye kifuniko cha kubana, walilolificha pamoja kabla ya safari. Nguchiro akatoka kwenye majani, akasimama kwa miguu ya nyuma, akafungua kifuniko kwa mikono yake, akachukua gurudumu. Akaacha kizibo cha soda. Kisha akaingia chini ya barabara, na upande wa pili hakutokea. Fundi alikuwa bado hajasimama wima, simu ikaita.

"Fundi, mbweha kanipa gurudumu la saa, kalitoa kwenye kopo langu hapa bustanini."

"La shaba? Meno yamelika upande mmoja?"

"Hilohilo. Lina mate."

"Lifute, uliweke pakavu lisishike kutu."

Tangu hapo wakawa wanatumiana. Fundi alimpelekea mumewe miwani aliyoisahau juu ya kabati, vifungo vya shati, na soksi za sufu alizofuma mama mkwe kwa kupapasa, maana macho yake yalikuwa yameshachoka. Mpishi naye alituma vipakiti vya sukari, kijiko kizuri cha chai, na safari moja donge la theluji. Mama mkwe aliliweka juu ya goti lililokuwa likimsumbua, akasema nguchiro ana adabu kuliko watu wa posta.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akihesabu kwa kinywa miezi ya mkataba. Alitaka jambo moja tu. "Nataka nimsikie mwanangu anakohoa hapo mlangoni kabla hajabisha, kama alivyokuwa. Baada ya hapo nife kwa raha zangu."

"Si unaongea naye kwenye simu, mama?"

"Hiyo ni sauti ya simu. Mimi sikuzaa simu."

Mkataba ukaisha. Mpishi alifunga begi, akaenda ofisini kwa meneja wa kambi kuomba pasipoti yake. Pasipoti za wafanyakazi wote zilikuwa kwenye droo ya chuma, zilikowekwa siku waliyofika ili zisije zikapotea. Meneja alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Alimwambia avumilie kidogo, kwanza apatikane mpishi mwingine. Mpishi alivumilia. Aliporudi tena aliambiwa avumilie kidogo. Mpishi mwingine hakuwa anatafutwa, na hilo hata panya wa jikoni walilijua.

Fundi alikasirika kwa namna yake, yaani alinyamaza na kufungua saa ambazo hazikuwa na ubovu. Ni mama mkwe aliyesema, huku akimenya kitunguu swaumu, "Kwani huyo mbweha droo inamshinda?"

Ilikuwa akili nzuri. Mpishi alikuwa akimwekea mbweha masalio tangu siku ya kwanza, na mkono mtupu haulambwi. Jumapili moja alimweleza shida yake akiwa ameketi naye benchini. Mbweha alisikiliza mpaka mwisho. Jumapili hiyo, meneja akiwa amelala mchana, mbweha aliingia kwa tundu la kutolea moshi, akafika ofisini, akafungua droo. Alichukua pasipoti ya mpishi. Kwa kuwa alikuwa mchezaji mwaminifu, hakutoka bila kuacha kitu cha thamani ileile kwa kipimo chake, akaacha mfupa wa paja la kuku ambao ulikuwa bado na nyama kidogo. Akausukuma katikati ya pasipoti nyingine, ukanyooka vizuri.

Mpishi alikuwa bustanini na begi mgongoni. Alimwona mbweha akija na kitabu mdomoni, akanyoosha mkono. Mbweha akampita, akafungua kopo, akakitumbukiza ndani, akafunika kama alivyozoea kufanya na kila kitu. Mpishi alipofunua alikuta jani bichi la mtaroni.

"Fundi," alisema kwenye simu, "kopo lina jani."

"Na mimi nina pasipoti yako."

Mpishi aliligeuza lile jani mkononi.

"Hatukumwambia asiitume," mpishi alisema.

"Hatukumwambia."

Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka fundi akakaa chini kwenye matope na sketi yake ya Jumapili, na kule mpishi akamshikilia mbweha begani asianguke. Kisha fundi hakuwa anacheka tena. Alifuta uso, akairudisha pasipoti ndani ya kopo haraka. Nguchiro akaitoa, akainusa, akaiweka kwenye majani. Akairudisha tena, nguchiro akaitoa tena, safari hii kwa upole zaidi. Kilichokwisha kupatikana hakipatikani mara ya pili. Ndiyo sheria ya mchezo, na wao wenyewe ndio waliomfundisha.

Kesho yake asubuhi fundi alikwenda ofisi ya uhamiaji. Karani wa dirishani aliipokea pasipoti, akaifungua, akaipekua taratibu.

"Naomba msaada wa kumpelekea mume wangu hii," fundi alisema. "Yuko kule, hawezi kurudi bila hii."

"Mama, mumeo amesharudi."

"Hajarudi."

"Amerudi jana. Tazama." Karani aligeuza ukurasa. Palikuwa na muhuri wa kutoka kule na muhuri wa kuingia huku, yote miwili ya Jumapili, wino bado mbichi. Nguchiro alikuwa amepita njia ya halali.

"Iliyorudi ni pasipoti. Yeye yuko jikoni, hivi sasa anakaanga mayai ya watu."

Karani alimtazama kwa huruma. Hakuwa mtu mbaya, na hakusema kwamba mama huyu anadanganya. "Mama, mimi siwezi kumsaidia kurudi mtu aliyekwisha kurudi. Akija mwenyewe na kitambulisho, tutazungumza." Akamrudishia pasipoti kwa mikono miwili. "Mwambie karibu nyumbani."

Asubuhi ileile meneja alifungua droo, akapitisha kidole juu ya vilivyomo, akaona vimetimia sawa na idadi ya wafanyakazi. Akaifunga. Mpishi alipokwenda kumuuliza tena, aliambiwa avumilie kidogo.

Jumapili iliyofuata walipigiana simu tena. Mbweha alikuwa pale, nguchiro alikuwa pale, na fundi aliona kila mtu yupo isipokuwa anayetakiwa.

"Kopo lenyewe halinitoshi," mpishi alisema. "Nimejaribu bega."

"Wewe na akili zako. Tuma kidogokidogo basi. Saa nayo haingii kwenye kisahani ikiwa nzima."

Kwa hiyo alianza na kikohozi. Alikikohoa ndani ya kopo, mbweha akafunika. Nguchiro alikileta, fundi akakibeba nyumbani ndani ya kiganja, akakiachia mlangoni. Mama mkwe alikuwa kitandani. Alisikia, akainua kichwa.

"Ni yeye?"

"Ni kikohozi chake, mama."

Machozi yalimtoka mama mkwe bila kelele. "Si haba," alisema. "Haba na haba." Kisha akaomba chai, kwa kuwa alikuwa amebadili mawazo juu ya kufa; sasa alitaka kuona mwanawe atafika mpaka wapi.

Vikafuata mluzi wake wa kuoshea vyombo, mkoromo, na ule uzito wake upande wa ukutani wa kitanda, ambao ulibonyeza godoro tangu usiku wa kwanza na fundi akalala kama mtoto. Nyumba ikajaa. Majirani waliopita jioni walisikia mluzi jikoni wakasalimu dirishani. Kule kambini meneja aligundua kwamba mpishi hakohoi tena juu ya sufuria wala hakoromi bwenini, akamsifu mbele ya wenzake.

Ilipofika zamu ya mikono, mpishi aliinyoosha mbele ya mbweha. Mbweha aliigeuza kwa pua, kiganja na nyuma ya kiganja. Akaenda, akazunguka bustani nzima na mitaa ya jirani akitafuta kitu cha kuacha badala yake. Akarudi hana kitu. Akaketi, akaangalia pembeni kwa aibu.

"Amekataa," mpishi alisema. "Anasema hajaona cha kulingana nayo. Nadhani ndivyo anavyosema."

"Yuko sawa," fundi alisema.

Alibana simu kwa bega, akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono wake ndani ya kopo. Chini ya vizibo na majani palikuwa na nafasi kuliko alivyotarajia. Aliingia mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akaukuta mkono wa mumewe. Ulikuwa na unyevu. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa plasta.

"Umejikata."

"Kidogo tu."

"Lini?"

"Siku nyingi."

"Mbona hukuniambia?"

Mpishi aliufumbata mkono wa mkewe, na fundi akaona amekonda vidole. Akavipapasa kimoja kimoja kama anavyopapasa mashine ya saa, akitafuta mahali palipolegea. Nguchiro alikaa juu ya kifuniko, akajilamba mgongo, hakuwaharakisha.

Upande wa pili wa simu sauti ya kubembeleza iliita kutoka jikoni. Mpishi akasema anakuja. Ikaita tena, ileile, kwa upole uleule. Aliubana mkono wa mkewe, akauachia, akaenda kumenya viazi vya jioni.

Fundi aliuchomoa mkono wake. Ulikuwa unanuka kitunguu. Hakuunawa usiku ule, na hata asubuhi alichelewa kuunawa, mpaka mteja wa kwanza alipoweka saa yake juu ya meza.