Hogo, Banzi na Mji wa Kanga Yangu

Usiku wa kuamkia leo niliota muhogo unaniamkia shikamoo.

Nianze nyuma kidogo, nisije nikawachanganya kama nilivyochanganyikiwa mwenyewe. Jana niliteleza uani kwenye maji ya sabuni, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Daktari Mhina akatazama picha, akasema mfupa umepata ufa tu, haukusogea, hapana haja ya kupasuliwa. Nichague mwenyewe: anifunge hogo, yaani ile plasta nyeupe ngumu isiyotoka mpaka waikate wao, au anifunge banzi, kibao chenye mikanda ambacho naweza kukivua nikaoga. Yote mawili yanaponya, alisema, mradi mkono utulie.

Nikamwambia nitamjibu kesho. Moyoni nilikuwa nimeshachagua banzi. Mjukuu wangu Semeni anajifungua mwezi huu, na kwetu mzazi hakandwi na mtu mwingine ila mimi. Nitavua banzi, nitamkanda, nitalivaa tena. Nani atajua? Nikalala, mkono umening'inia shingoni kwa kanga yangu ya jogoo.

Basi nimo katika chumba cha kufungia vidonda. Kitandani amelala muhogo mrefu kama mtu, keshamenywa.

"Shikamoo, Bibi. Mimi ndiye Hogo."

Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Nikamwuliza kama ameiva. Akasema yeye haivi, yeye hukauka.

Kwenye kiti amekaa Banzi, mikanda inamning'inia kama mtu aliyeacha suruali wazi. Wanabishana. Banzi anasema Hogo anawasha watu na kuwanyima maji ya kuoga. Hogo anasema Banzi hana msimamo, kila mkono unamfungua.

Nageuka kumtafuta daktari, chumba kimekuwa ua wangu. Semeni ameshajifungua, amekaa kigodani, mgongo wazi, anangoja. Maji yanatoa mvuke.

"Bibi, yanapoa," anasema.

Nachovya kitambaa, nakikamua. Mkono unapinda kama mpini wa mwavuli. Naunyoosha, nakamua tena, unapinda upande wa pili. Semeni anangoja tu.

"Kitendawili," wakasema Hogo na Banzi kwa pamoja.

"Tega," nikajibu. Mazoea.

"Walinzi wawili, nyumba moja. Mmoja amefunga mlango kwa kufuli, mwenzake ameurudishia tu. Mwizi ni nani?"

Mimi vitendawili ndiyo chakula changu. Nikasema panya. Wakakataa. Nikasema upepo. Wakakataa. Semeni akasema hata yeye anakijua hicho, lakini hataki kunivunjia heshima.

"Umeshindwa. Tupe mji."

Nikawapa Korogwe. Hogo akasema Korogwe ina wenyewe. Nikawapa Pangani, wakaguna. Wanataka mji ulio wangu. Nina mji gani mimi, hata chumba nimepanga? Banzi akanyoosha mkanda, akaonyesha kifuani pangu. Nikatazama. Kanga ina pindo, ina jina, na ile picha ya katikati tunaiitaje? Mji. Jogoo akashuka mwenyewe, akajikung'uta manyoya, akawafuata wala hakuniaga.

"Mji mmepata," nikasema. "Nipeni jibu."

Hogo alikuwa ameshafika mlangoni. "Mwizi ni mwenye nyumba, Bibi."

Nikaamka. Semeni alikuwa ameniletea uji, tumbo lake bado liko mbele yake. Nikamwambia leo nafungwa hogo, na yeye atakandwa na shangazi yake. Mimi nitakaa pembeni niwafokee wote wawili. Akacheka, akasema hogo la mdomo ndilo hajui kama lipo. Kisha akanifungua ile kanga ili anifunge vizuri zaidi, mkono usitikisike njiani.

Akaikunjua. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena.

"Bibi," akasema, "hii kanga si ilikuwa na jogoo?"