Shingo ya Emérence

Vita ya pili ya waasi ilipofika Butembo na watu wakaanza kukonda, shingo ya Emérence yenyewe ilianza kujaa. Mama mkwe wake, Kahongya, alifurahi mpaka basi. Kwake, mwanamke mwenye shingo nene ni mwanamke anayelishwa na mumewe, na sifa za mwanawe Gamaliel hakuzificha hata siku moja. Kila Jumapili alimketisha mkwewe mbele kanisani, kitenge kimeshushwa kidogo mabegani, waumini wajionee.

"Muangalie," aliwaambia wamama wa Musienene waliokuja sokoni na viazi. "Vita iko, mais kwetu batu banakula."

Emérence yeye alijua habari nyingine ya shingo hiyo. Alipokuwa mtoto alishikwa na kansa ya matezi, akapelekwa Nairobi, shingo ikachomwa kwa miale mpaka akapona. Siku ya kurudi daktari alimwambia baba yake bila kuzunguka: miale hiyohiyo iliyomponya inaweza kumletea kansa nyingine shingoni akiwa mtu mzima, basi shingo ipimwe kila mwaka, hata kama haiumi. Mzee Zacharie alilishika neno hilo kuliko katekisimu. Kila baada ya Pasaka alimpeleka Beni kupapaswa shingo na daktari, hata alipokuwa msichana mkubwa, na majirani wakasema anamdekeza. Kisha mzee akafa, bariera za askari zikajaa barabarani, na habari ya kupimwa ikalala.

Sasa alikuwa mama wa watoto, na hofu ilimkaa rohoni.

"Mama, nataka kwenda Beni bapime hii shingo."

"Shingo hiyo?" Kahongya alishika kiuno. "Inauma?"

"Hapana."

"Unashindwa kumeza?"

"Hapana."

"Donc utamwambia dokta nini? Ati mwana wangu anakulisha sana? Batu batatucheka, mukwe wangu."

Angekuwa mahututi angebebwa hata kwa kipoyi mabegani mwa watu, na Kahongya angetangulia mbele akilia. Uzima wake ndio uliomfunga nyumbani. Na Gamaliel, aliyepitisha vitenge vya Uganda mbele ya bunduki za kila jeshi, hakuweza kupita mbele ya mama yake.

"Sema unaenda matanga," alimnong'oneza mkewe. "Matanga hapana mutu wa kukataza."

Basi Emérence akaenda kumlilia shangazi ambaye hajapata kuwako. Kahongya alimfungia maharagwe ya wafiwa na kumpa pole nyingi za kufikisha.

Alipofika Kalunguta, askari wa bariera alimtazama shingo akatabasamu. "Mama kitoko, muzuri hivi, bwana yako anakulisha vizuri. Unaenda wapi?"

Emérence alikuwa amechoka kudanganya. "Naenda bakate hii shingo."

Askari alicheka hadi akasahau kumpekua.

Huko Beni, Dokta Mathe alimpapasa, akamnywesha maji amwone akimeza, kisha akampima kwa ekografi, mashine ya kuonyesha ndani ya mwili. Tezi ya kooni yote ilikuwa imevimba, na ndani yake palikuwa na kivimbe kigumu, kidogo kama punje ya haragwe.

"Nani alikuambia ukuje wakati hauumwe?"

"Baba yangu."

"Basi amekuokoa mara ya pili."

Akaitoa tezi nzima. Majibu yalipofika kutoka Kampala yalisema ni kansa, ingali changa, na imetoka yote. Atameza kidonge kila siku badala ya tezi na kurudi kila mwaka.

Emérence alirudi Butembo na shingo nyembamba, kovu, na sauti iliyozimika kwa upasuaji. Mtaa mzima ukahuzunika. Wanawake walileta viazi na maharagwe, na mke wa mchungaji akamwita Gamaliel pembeni kumsihi amlishe mkewe. Wakati ule wa shingo nene, hakuna aliyeuliza kitu.

Gamaliel alimweleza mama yake yote, akarudia tena.

"Nimesikia," Kahongya alisema. "Nashukuru Mungu. Mais batu banasema mwana wangu amefilisika."

Jumapili, ulipofika wakati wa maombi, alisimama mbele, machozi yakimtoka kwelikweli. "Bwana, umurudishie mukwe wangu shingo yake ya zamani."

"Amina," kanisa zima likaitika.

Emérence alisema hapana. Alisema tena, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, lakini sauti yake ilikuwa bado haijarudi.