Sinyorita Hajui Kiswahili

Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, mie sikujua Kiswahili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mtoto akija analia kwamba kapigwa, nilitakiwa nimkodolee macho, niinue mabega, nisubiri mpaka ayatafute maneno ya Kihispania ya kusema kapigwa. Akiyakosa, basi, kapigwa bure.

Lilikuwa darasa la pili, shule ya masista, Chamazi. Asubuhi Kihispania kitupu na mie, mchana Kiswahili na mwalimu Abdulrahman. Masista walikuja na utaratibu huo kutoka kwao Kolombia na waliuamini karibu sawa na Injili: mwalimu wa lugha ngeni asijulikane kwamba anaijua lugha ya nyumbani, maana mtoto akishajua kuna mlango wa uani hapiti tena wa mbele. Mie niliishi Kolombia miaka minne nikiwa mnovisi, kabla utawa haujanishinda. Watoto wakaambiwa nimezaliwa huko, na kwamba huko nako weusi wapo, jambo ambalo ni kweli. Wakaamini, wakaniita sinyorita, yaani mwalimu wa kike. Hakuna aliyeniamkia shikamoo kwa miaka miwili.

Uongo ule niliuishi hadi gengeni. Nikimwona mwanafunzi wangu kwa Mama Munira, nilinyooshea kidole nyanya na vitunguu kama bubu, na Mama Munira, aliyekwisha kuzoea, alinifungia huku anajizuia kucheka. Nilijiona fundi kwelikweli. Sista Pilar, mkuu wa shule, aliwaita walimu wengine waje waone mie Genoveva ninavyofanya.

Kitu ambacho masista hawakukifikiria ni kwamba watoto wangeanza kunisimulia mambo. Saa ya kuchora walikuja mezani kwangu mmojammoja, wakaegemea, wakaongea Kiswahili taratibu, kama mtu anavyoongea na paka wake. Romani aliniambia yeye ndiye aliyevunja televisheni, siyo dada wa kazi aliyefukuzwa. Hope aliniambia hampendi mdogo wake hata kidogo. Nami naitikia "sí, sí", nachonga penseli. Nikwambie ukweli, nilipenda. Sikuwa na mtoto, sikuwa na mume, na kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuniamini namna ile.

Halafu akaja Lusungu.

Wiki ile tulikuwa na somo la familia. Kila mtoto alichora watu wa kwao, akasimama mbele ya wenzake, akaeleza kwa Kihispania nani yuko wapi. Ijumaa wangekuja wageni, wafadhili wa masista, kuamua kama darasa liendelee au lifungwe. Likifungwa, na mie nje. Jumatano Lusungu akasimama, miaka minane, soksi moja juu moja chini, akasema bila kukosea kwamba mama yake yuko Mbeya anamuuguza bibi. Darasa zima likapiga makofi. Kisha akaja mezani kwangu na mchoro wake, akachagua rangi ya kijani, akaanza kupaka majani.

"Siyo kweli, sinyorita," akaniambia kwa Kiswahili. "Mama yuko Segerea, gerezani. Baba anadhani mie sijui."

Mie nilijua. Mama yake, Bernadeta, alikuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha Kurasini. Kontena lilitoka bandarini kwa hati za kughushi, saini ikaonekana ni yake, akawekwa mahabusu, na kesi ikawa inapigwa kalenda tu. Baba yake, Elibariki, alituomba walimu wote tuishike hadithi ya Mbeya. Kumbe mtoto alimsikia jirani akiyasimulia dirishani, na kwa miezi miwili alikuwa anaitikia habari za bibi ili baba yake asiumie.

"Ijumaa siji," akaendelea. "Naenda kumwona. Nitatoka kama nakuja shule. Nikipotea nitamuuliza askari, maana askari ndio wanamjua mama."

"Sí, sí," nikasema.

Nilitoka darasani nimedhamiria kumwambia Sista Pilar. Nilifika mpaka mlango wa ofisi. Hapo nikaanza kuwaza: Sista atampigia baba, baba atambana mtoto, mtoto atajiuliza nani kasema wakati alimwambia mtu mmoja tu. Kufikia Alhamisi darasa zima litajua sinyorita anasikia, siku moja kabla ya wageni. Nikajiambia mtoto huongea mengi. Nikajiambia Ijumaa mchana, wageni wakishaondoka, nitamvuta baba yake pembeni. Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia padri wala mtu yeyote: sikutaka waache kuja mezani kwangu. Sista aliinua kichwa akaniuliza nina shida gani. Nikaomba chaki za rangi.

Alhamisi nilijaribu, kwa woga wangu uleule. Nilimshika mabega mlangoni, nikamwambia kwa Kihispania asiende, ni mbali, magari ni mengi, nikamwonyesha kwa mikono lori linavyokuja. Akadhani ni mchezo mpya. Akapiga honi kwa mdomo, akakimbia kuwaita wenzake, na hadi kengele inalia nusu ya darasa ilikuwa inaendesha malori uwanjani. Nilisimama pale nawatazama. Nilikuwa nimeshafanya niwezalo, ndivyo nilivyojidanganya.

Ijumaa saa mbili kiti chake kilikuwa kitupu. Wageni watano walikaa nyuma na madaftari yao mapajani. Kupitia dirishani nilimwona Abdulrahman anatundika nguo za maonyesho kwenye kamba, hatua kumi kutoka niliposimama. Ilitosha nifungue mdomo niseme: mfuateni Lusungu, yuko njiani. Sikusema. Niliimbisha wimbo wa siku za wiki, nikaimbisha wa rangi, watoto wakaeleza familia zao mmoja baada ya mwingine, na mgeni mmoja mwanamke akajifuta machozi. Saa nne, wakati wa mapumziko, ndipo nilipomwendea Abdulrahman nikamweleza.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

Nikamwambia. Alinitazama kidogo, kisha akaiendea pikipiki yake.

Hakufika hata barabarani, simu ya polisi ilikuwa imeshaingia ofisini. Lori la kontena, Barabara ya Mandela, karibu na Buguruni. Dereva alifunga breki na breki zilishika, ila lori lenye mzigo halisimami papo hapo. Walioshuhudia walisema mtoto alishuka kwenye daladala, akamwona trafiki ng'ambo ya pili, akakimbia kuvuka amuulize njia.

Hii ni miaka mitatu sasa. Nafundisha shule ya kawaida Temeke, watoto sabini na wanne darasa moja, Kiswahili mwanzo mwisho. Wananishangaa. Mtoto akisema hata "mwalimu, tumbo", naacha kila kitu, nampigia mzazi, naita bajaji. Mwalimu mkuu ameshaniambia mara mbili nipunguze. Sijui nipunguze vipi. Usingizi wangu wenyewe ni wa kuhesabu vichwa.

Lusungu hakufa. Watu huniambia nimshukuru Mungu kwa hilo, nami hushukuru, lakini mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Bernadeta aliambiwa na wakili wake mahakamani, na hakuruhusiwa kuja kumwona. Kuhusu darasa, wageni waliandika ripoti nzuri sana. Mkataba wangu uliongezwa miaka mitatu. Niliurudisha bila kusaini, na sioni sifa yoyote hapo, maana kila nilichokifanya vizuri katika jambo hili nilikifanya kikiwa hakisaidii tena.

Nilikwenda hospitali Jumatatu baada ya ajali. Lusungu alikuwa macho, amefunikwa shuka mpaka kifuani. Aliponiona akatabasamu, nasema kweli, alinitabasamia mie. Elibariki alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, shati lilelile la Ijumaa. Masista waliwakataza wazazi kuongea nami Kiswahili mbele ya watoto, lakini katika hali ile nani angekumbuka.

"Mwalimu Genoveva," akasema, "wewe ndiye ulikuwa naye karibu. Hakuwahi kukuambia lolote?"

Ningeweza kuinua mabega kama siku zote, na mtoto angebaki na sinyorita wake. Ningeweza kusema ndiyo, na baba yake angenifanya alichotaka kunifanya. Yote mawili yalikuwa mbele yangu.

"Hapana, Baba Lusungu," nikasema. "Hakuniambia kitu."

Nilisema kwa Kiswahili cha hapahapa, cha haraka, wala ulimi haukukwama. Elibariki akaitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Nilipogeuka, Lusungu alikuwa anautazama mdomo wangu. Tabasamu lilikuwa linafifia polepole. Niliona kabisa anavyorudi nyuma kwa mawazo: Alhamisi mlangoni, Jumatano mezani, na siku zote za kabla ya hapo.

"Lusungu, mwanangu," nikasema. "Nisamehe."

"Estoy bien, gracias, señorita," akasema.

Yaani, mie mzima, ahsante, mwalimu. Nikamuuliza kwa Kiswahili kama mguu unauma. Akajibu maneno yaleyale, kwa Kihispania. Nikamuuliza kama anataka nimpelekee mama yake ujumbe, kwamba naweza kwenda Segerea kesho yake asubuhi, nimwambie chochote anachotaka. Hapo aliivuta shuka mpaka kidevuni. Kisha akajibu hivyohivyo, kwa matamshi safi kabisa, akageuzia uso ukutani.