Kilichokuwa Nyuma ya Betri

Fundi alifungua boneti ya pikapu nyeupe, akaishikiza kwa kipande cha ubao, akamwambia mtu aliyekaa kwenye usukani, "Piga starta."

Ikasikika "ta", mara moja, kama mtu aliyeudhiwa na swali. Kisha kimya.

"Betri hiyo," alisema yule wa kwenye usukani. Hakujua magari, ila alipenda kutangulia kusema.

Fundi hakubishana. Alipima betri, akaikuta nzima. Akakwangua kutu kwenye vichwa vyake, akakaza nyaya, akaigonga starta kwa nyundo ndogo, kwa sababu ziko starta zinazohitaji kuamshwa tu. Ta. Wakaomba wateja wa kinyozi wa jirani wasaidie kusukuma, wakaenda nayo hadi kona, wakarudi nayo vilevile, wateja wakitukana kwa sauti ya chini.

Pikapu ilikuwa ya kaka yake yule wa kwenye usukani, aliyefariki msimu wa mvua. Marehemu aliinunua pamoja na mkewe, kwa pesa za matofali ya saruji ambayo mke huyo huyafyatua uani kwake. Mazishi yalipokwisha, mdogo mtu aliichukua ili aitunze, na katika kuitunza akaanza kubebea mizigo ya watu. Mjane akabaki na matofali yaliyokauka vizuri, yasiyo na wa kuyapeleka.

Fundi akainama tena kufuata waya wa starta. Nyuma ya betri alimkuta marehemu. Alikuwa amepungua, sasa urefu wake haukuzidi wa spana, lakini alivaa suti ileile aliyozikwa nayo, suruali ameikunja isipate grisi. Alikuwa ameung'ang'ania waya kwa mikono miwili.

"Za huko, bosi?" fundi akamsalimu.

"Shwari. Ila hakuna redio."

"Basi achia waya, bosi wangu. Magari yananisubiri."

"Mpaka mke wangu akae humu. Gari ni lake."

Fundi akafuta mikono, akaenda dirishani. "Hitilafu nimeiona. Ni kaka yako."

Mdogo mtu akafikiri. "Anabadilishika?"

"Spea yake haipatikani."

Wakamwita mjane. Akaja na saruji vidoleni, akakaa kiti cha abiria, na pikapu ikawaka kwa mguso mmoja. Aliposhuka, ikazima. Fundi, kwa kuwa hupenda uhakika, akaweka kitini kiatu kimoja cha mjane. Injini ikazunguka, ikakohoa, basi. Akaweka vyote viwili. Ikawaka, ikatetemeka, ikazima.

"Anataka mtu mzimamzima," alisema.

"Umesikia mwenyewe, shemeji," mjane akasema. "Nirudishie gari langu. Wateja wangu wanaojenga ukuta wananingoja. Wakichoka watanunua kwingine, nami sina kazi nyingine."

"Shemeji yangu," akajibu mdogo mtu, kwa upole wa mtu anayemcha Mungu siku zote isipokuwa siku za kazi, "hilo ni suala la familia. Tusilichanganye na la umeme."

Familia ikakaa kikao sebuleni. Walimsifu marehemu kwa kutomsahau mkewe, wakamsifu mdogo mtu kwa uvumilivu wake. Ikaombwa sala ndefu ya kushukuru kwamba tatizo limejulikana. Kisha ikaamuliwa kwamba mjane awe anapanda, gari likienda kazini. Shangazi mmoja akatoa mto wa kukalia, wote wakamshukuru kwa ukarimu.

Fundi alipokuja kuangalia kama tiba imeshika, alimnong'oneza mjane, "Si ukatae tu, dada? Bila wewe gari ni banda la kuku."

"Ningekataa," alisema mjane. "Lakini unamsikia anavyokohoa humo ndani? Na yuko peke yake."

Siku hizi shemeji hupiga honi mlangoni asubuhi. Mjane huacha kalibu yake ya matofali, hunawa, hupanda, hukaa kwenye mto. Ukuta ule umekwisha kufika usawa wa kifua. Juzi pikapu yenyewe ndiyo iliyoupelekea matofali, ya mfyatuaji mwingine. Yalipokwisha kushushwa, mjane aliinamia tundu la hewa kwenye dashibodi.

"Umeyaona?" aliuliza.

"Nimeyaona," sauti ikajibu. "Mchanga mtupu. Yako yalikuwa mazuri."

"Najua. Suruali umeikunja?"

"Nimeikunja."

"Haya, achia waya. Jua linaniunguza."

Pikapu ikawaka mara moja. Shemeji akapapasa usukani kwa mapenzi, akaingiza gia.

"Gari zima kabisa hili," alisema. "Ilikuwa kitu kidogo tu."