Kasha la Gitaa la Fergal

Tangu Fergal azikwe, gitaa lake lilikuwa limeegemea ukuta wa sebuleni, kati ya meko na kabati la vyombo, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa isipokuwa Nuala mjane wake. Hata yeye hakujua kupiga. Kila asubuhi, chai ikiwa bado inafuka mvuke, alipitisha kidole gumba juu ya nyuzi mara moja tu, akasikiliza mpaka sauti ifie yenyewe, kisha akaendelea na kazi zake.

Fergal alikuwa na namna yake ya kulityuni, kupanga sauti za nyuzi. Uzi ule mnene aliushusha chini kuliko wapigaji wenzake wote wa kijijini Miltown, na nyuzi nyingine moja au mbili alizigeuza kwa sikio lake mwenyewe, wala hakumwambia mtu. Jumapili ya mwisho alipiga jikoni kwa mdogo wake Colm mpaka majirani wakaacha mpira kwenye runinga wakaja kusikiliza. Akalirudisha gitaa nyumbani, akaliegemeza pale ukutani, na wiki ile ile moyo ukasimama.

Binti yao Orla hakuweza kuja mazikoni. Alikuwa Boston, mimba imekaribia mwisho, daktari amemkataza ndege. Alipojifungua alimpigia mama yake simu akasema hataki kitu chochote cha baba ila gitaa. Nuala akamwambia, "Nitakuletea mwenyewe. Na nitakuletea kama alivyoliacha, usikie alichokisikia yeye mara ya mwisho." Orla akalia kwenye simu, na mtoto naye akalia.

Ndiyo maana siku hiyo Nuala na Colm walikuwa mjini Ennis, katika duka la vyombo vya muziki la Fintan, gitaa limezungushiwa blanketi kama mgonjwa.

"Tunataka kasha la kulisafirishia kwa ndege," Nuala alisema. "Zuri kuliko yote."

"Shemeji yangu anadhani anasafirisha Papa wa Roma," Colm alisema.

"Wewe nyamaza. Fidla yako unaibeba kwenye mfuko wa viazi."

"Na haijawahi kulalamika."

Fintan alicheka. Alimjua Fergal, alimuuzia nyuzi miaka mingi. Akaleta kwanza begi laini lenye mikanda ya mgongoni. "Hili wanamuziki wengi wanalipenda. Unapanda nalo ndani, ukibahatika. Inategemea mhudumu ameamkaje siku hiyo."

"Na nisipobahatika?"

"Linashuka tumboni mwa ndege, mama, na masanduku ya watu juu yake."

Nuala akalisukuma begi kwa kidole. Fintan akaleta kasha la mbao lililofunikwa ngozi nyeusi, zuri la kutazama. Nuala akaliinua upande mmoja, likamshinda. La tatu lilikuwa la plastiki ngumu, lina vibano vinene vya chuma na sifongo nene ndani. Fintan akalilaza sakafuni, akapanda juu yake na viatu vyake vyote viwili, akaruka.

"Wewe!" Nuala alishtuka.

"Halina kitu ndani, mama. Umeona? Hata halikulia."

"Colm, panda na wewe."

Colm, ambaye hakuwa mtu mwembamba, alipanda. Kasha likanyamaza. Moyo wa Nuala ukatulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu aahidi safari ile.

Wakalilaza gitaa ndani kulijaribu. Lilikaa sawasawa, mwili haukucheza. Fintan akapeleka mkono kichwani pa gitaa, akashika kipini cha kukazia uzi, kama mtu anayefungua vifungo vya koti lake mwenyewe. Nuala akamzaba kofi mkononi.

"Usiguse!"

"Samahani, mama. Nilikuwa nataka kukuonyesha. Kabla ya kupanda ndege utazilegeza nyuzi hizi. Zote. Si kuzitoa, kuzilegeza tu."

"Sizilegezi."

Fintan akamtazama Colm. Colm akatazama dari.

"Kule kwetu," Nuala alisema, "mtu hagusi vipini vya gitaa la mwenzake. Colm, nasema uongo?"

"Husemi uongo, shemeji. Ni kama kumvua mtu soksi. Lakini mwenye soksi hayupo."

"Ndiyo sababu."

Fintan akapiga magoti karibu na kasha. "Mama, nisikilize kidogo. Kasha linazuia pigo la nje. Hizi nyuzi ni za chuma, zinavuta kichwa mchana na usiku, hazilali. Kasha likidondoka, hata lisipovunjika, ule mshtuko unaingia shingoni, na nyuzi nazo zinavuta. Nimeona magitaa mazuri sana yakiharibika hivyo."

"Ndani ya kasha kama hili?"

"Ndani ya kasha kama hili."

Nuala alitazama ule mnene, uzi alioushusha Fergal. Colm akasema polepole, mzaha umemtoka, "Shemeji, zenyewe zimeshaanza kulegea toka wakati ule. Alivyoliacha siyo lilivyo. Mimi nasikia."

"Mimi sisikii," Nuala alisema. Lakini alikuwa anasikia. Kila asubuhi sauti ilikuwa inachacha kidogo, kama maziwa, na yeye alikuwa anakunywa hivyo hivyo.

"Basi mwache Fintan aandike sauti ya kila uzi," Colm alisema, "Orla atazirudisha kule."

"Kuandika! Huyo atakayezirudisha atakuwa Orla, hatakuwa baba yake. Nifungieni kasha."

Wakalifunga. Fintan hakubishana tena. Aliviringisha kitambaa akakisukuma chini ya kichwa cha gitaa kisielee, na alipokuwa anabana vile vibano alikuwa anabana taratibu sana.

Kwenye uwanja wa ndege wa Shannon, Nuala alijaribu kuomba aingie nalo ndani. Binti wa pale mezani alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomaliza maneno, kwa sababu angekuwa mkali, Nuala angeweza kugombana naye. "Ndege imejaa, mama. Kasha hili ni kubwa, haliingii kwenye rafu ya juu. Lakini ni zuri, usiwe na wasiwasi." Akalibandika karatasi ya kuonya kuwa ni kitu cha kuvunjika. Mtu mmoja akalichukua, mlango wa mpira ukapepea, likapotea.

Alipokaa kwenye kiti chake dirishani aliliona tena. Mvua ilikuwa inanyesha ya mlalo, na lilikuwa juu ya tela pamoja na masanduku, limelazwa kifudifudi. Kijana mwenye koti la manjano alilishika kwa mpini, akalizungusha na kulirusha kwenye mkanda unaopanda. Halikurushwa kwa ubaya. Lilirushwa kama kitu kizito kinavyorushwa na mtu aliyechoka. Likagonga pembe, likasimama wima kidogo, likaanguka kwa mgongo.

Nuala alipiga kioo kwa kiganja. "Wewe! Taratibu!"

Bwana aliyekaa jirani akainua uso kwenye gazeti. "Hawasikii, mama."

"Najua hawasikii."

Akabaki ameweka kiganja pale pale mpaka ndege ilipoanza kutembea.

Jikoni kwa Orla kulikuwa na jua na nepi kila mahali. Mtoto alikuwa amelala begani kwa bibi yake. Orla alilizunguka kasha mara mbili, akalipapasa.

"Mama, hata mkwaruzo! Hili umelipata wapi? Hili unaweza kumpeleka mtu vitani."

"Colm alipanda juu yake," Nuala alisema, na akacheka, kwa sababu kweli halikuwa na mkwaruzo. "Fungua. Pitisha kidole mara moja tu, usikaze kitu."

Orla akafungua vibano. Akainua kifuniko.

Kichwa cha gitaa kilikuwa kimeinama mbele kama mtu anayesinzia kwenye misa. Nyuma yake mbao ilikuwa imepasuka, nyeupe ndani, na nyuzi zilikuwa zimelala ovyo juu ya ubao, hazijakatika, hazivuti vizuri. Ngozi nyembamba tu ya mbao ndiyo iliyokuwa imeshikilia.

"Ulilegeza nyuzi?" Orla aliuliza, sauti ndogo.

"Hapana."

Orla akaitikia kwa kichwa. Nuala angependa kupigiwa kelele.

"Kuna fundi, Mama. Hii inagundishwa. Wanagundisha kila siku." Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Lakini lazima nizitoe sasa hivi, hizi zilizobaki na nguvu zitamalizia kuling'oa. Mlaze mtoto. Njoo ushike hapa."

Nuala akamlaza mtoto, akashika kichwa cha gitaa kwa mikono yote miwili, kama anamwogesha mtoto mchanga. Orla akazungusha kipini cha kwanza, cha pili. Nyuzi zilitoa milio isiyo na maana, zikinywea. Alipofika kwenye ule mnene, mkono wake ukasita.

"Huu alikuwa anaushusha mpaka wapi, Mama? Nitajie tu. Niimbie."

Nuala alikuwa ameusikia kila asubuhi. Akafungua kinywa, akatoa sauti. Siyo yenyewe. Akatoa nyingine ya chini zaidi, nayo siyo. Ile ya kwanza ikawa imemchafulia ya pili, na ya pili ikaifuta ile aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Akajaribu tena. Orla alikuwa anangoja, kidole juu ya kipini, hamharakishi.