Pijo ya Mama Hanif Ilivyokataa Kufa

Mimi ni Wabwire, fundi wa magari hapa Mbotela, na unyenyekevu sikuzaliwa nao. Kwa miaka ishirini na sita nimelala chali chini ya magari ya watu wa mtaa huu, na bolti nikiifunga imefungwa. Anayesema mafundi wa kando ya barabara tunabahatisha aende akawaulize wateja wangu. Au tuseme akawaulize waliobaki, maana tangu serikali ianze mpango wake wa kununua magari makuukuu, kati ya magari kumi na manne yaliyokuwa mikononi mwangu, tisa yamekwenda kusagwa.

Mpango wenyewe ni huu. Una gari lililopita miaka ishirini, unalipeleka kwenye uwanja wao upande wa Donholm, wanalikagua, wanaiua injini mbele ya macho yako, nawe unapewa vocha ya laki tano uongezee yako ununue gari la juzijuzi lisilotoa moshi. Sisemi mpango wote ni mbaya. Nimekohoa moshi wa Jogoo Road miaka yote hii, na kuna magari ambayo hata mimi ningeyasaga bure. Lakini milango mizima, springi, taa, vyote vinaingizwa kwenye mashine moja na kutoka vikiwa tofali la chuma. Na yule asiye na cha kuongezea juu ya hiyo vocha, ataifanyia nini? Ataitundika ukutani.

Basi Jumanne moja akaja Mama Hanif, kwa miguu. Mama Hanif ni mpishi wa harusi. Asili ya watu wake ni Lamu, ila yeye kazaliwa Mbotela hapa hapa, na kuanzia hapa mpaka mtaa wa Tena sijui harusi ya maana ambayo pilau haikutoka kwenye masufuria yake. Masufuria hayo hubebwa na pikapu yake ya Pijo, na injini ya Pijo hiyo haijawahi kufunguliwa na mkono mwingine ila wangu. Alinisalimia, akamuulizia mke wangu Selpher, kisha akajikalia juu ya tairi kuukuu kama kawaida yake.

"Fundi, gari limenikwamia mbele ya msikiti," akasema. "Gia haiingii, ya kwanza wala ya pili."

"Tutaitazama, mama. Jumatatu utakuwa nayo."

"Jumatatu mbali. Naitaka Ijumaa kabla ya saa kumi. Ijumaa ndiyo mwisho wa vocha."

Mpango ulipoanza walikuwa wakipokea hata mabati yaliyovutwa kwa kamba kutoka vichakani, watu wakajanjaruka, serikali nayo ikashtuka. Sasa sharti lao ni kwamba gari liingie getini likijiendesha. Kwa hiyo nilikuwa naombwa niiponye Pijo vizuri kabisa ili ikauawe. Ilikuwa kama mke anayekutoroka akuombe umfungie sanduku.

Mama Hanif aliuona uso wangu. "Usininunie, Wabwire. Unajua ile kazi ya kiwandani, ya kulisha watu mia tatu kila siku? Nimeikosa mara mbili. Walionja chakula wakakisifu, halafu wakatoka nje wakaiona Pijo inatoa moshi. Wakaniambia, mama, chakula cha wafanyakazi wetu hakiwezi kubebwa na hii. Wananingoja mpaka mwisho wa mwezi. Nikipata vocha, na akiba yangu, gari ninalo. Nikikosa, kazi imekwenda, na mimi sina miaka mingine thelathini ya kupika harusi."

Niliuchukua ufunguo.

Jirani yangu wa kazi ni Dishon, anayepiga magari rangi. Alikuwa amesikia yote, na mama alipoondoka tu akanisogelea.

"Buda, si umwambie tu gearbox imekufa?" akasema. "Nani atakuja kukucheki? Akikosa hiyo vocha, anabaki na Pijo, na wewe unabaki na customer. Hapo hakuna mtu ameumia."

"Yeye je?"

"Ako na harusi zake. Atasurvive."

Nakiri kwamba maneno hayo niliyatafuna mchana kutwa. Yalikuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua. Vilivyonizuia ni viwili. Cha kwanza ni kwamba yule mama ameniamini tangu nikiwa kijana nisiyejua kutofautisha klachi na breki. Cha pili, na sioni aibu kukisema, ni kwamba katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kunisikia nikisema gari limenishinda. Afadhali nipoteze mteja kuliko ipite habari Mbotela nzima kwamba Wabwire alishindwa na gia ya Pijo.

Nikaishusha gearbox. Kipande kinachosukuma gia kilikuwa kimekatika vipande viwili. Jumatano nikakitafuta Gikomba, Alhamisi asubuhi nikakitafuta Kariobangi, na kila niliyemuuliza alinicheka, eti Pijo zote si zimeshasagwa. Ikabidi nikichonge mwenyewe. Nilichukua chuma cha springi ya lori, nikakikata, nikakipiga tupa mpaka vidole vikafa ganzi, nikijaribisha, nikitoa, nikipiga tena. Ijumaa saa nane, watu wakiwa wametoka kuswali, gia iliingia ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kelele. Dishon alikuja akaijaribu mwenyewe mara tano. "Wewe ni mbaya," akasema, na kwa Dishon hiyo ni sifa kubwa.

Nilinawa, nikavaa shati safi, nikaingia kiti cha abiria. Mama Hanif aliendesha. Tulifika uwanjani saa tisa na nusu, tukiwa wa mwisho kwenye foleni.

Pale alisimamia binti mmoja mwenye koti la kung'aa, kwa jina Asenath, mpole lakini asiyeyumba. Alitueleza utaratibu. Oili inamwagwa, kisha injini inanyweshwa dawa fulani nzito ambayo ikipata moto inagandia ndani kama kioo. Mfanyakazi wao anakaa kwenye usukani anakanyaga mafuta, na injini inasagika mpaka inajifunga.

"Mpaka ife kabisa, ndipo cheti cha kuchukulia vocha kinatoka," Asenath akasema. "Na saa kumi kamili kompyuta inajifunga, mama. Hata mimi siwezi kuifungua."

"Huchukua muda gani?" Mama Hanif akauliza.

"Dakika mbili, tatu. Usijali."

Ilikuwa kweli. Toyota iliyotutangulia ilikwenda dakika mbili ikakoroma ikazima. Van ya Nissan ikafika nne, na mwenyewe akageuka asitazame. Waliokwisha kupata vyeti vyao walikuwa bado wamesimama kando ya uzio, mtu hajui aende wapi akiwa hana gari.

Ikaja zamu ya Pijo, saa tisa na dakika arobaini. Wakaimwaga oili, wakainywesha ile dawa, yule jamaa akakanyaga mafuta.

Dakika mbili zikapita. Tatu. Nne. Pijo ilikuwa inanguruma tu. Dakika ya sita Asenath akaitazama saa yake, akaigongagonga kwa kidole. Dakika ya nane wale watu wa kando ya uzio wakaanza kusogea karibu. Injini ilikuwa inagonga ndani, naisikia, chuma kinaliwa, lakini haikuzima. Dakika ya kumi mzee mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Siwezi kuficha nilivyojisikia. Kifua kilinijaa. Kila bearing mle ndani niliiweka mimi, kila pistoni niliipima kwa mkono wangu, na sasa watu wasionijua walikuwa wanaishangilia. Nilitaka iende mpaka kesho.

Kisha nikamtazama Mama Hanif. Yeye hakuwa anapiga makofi. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani pale ofisini, na mikono ilikuwa imeushika mkoba wake kwa nguvu. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na mbili.

"Haijawahi kutokea," Asenath akasema, na sauti yake haikuwa na upole tena. "Fundi wa hili gari ni nani?"

Mama Hanif aliniangalia. Na nikaelewa kwamba hataniomba, kwamba angeiacha ile kazi ya kiwandani ipite kuliko kuniambia mimi niiue ile injini.

"Ni mimi," nikasema.

"Itachukua muda gani?"

"Ukiiacha hivi, itapita saa kumi. Haipati moto wa kutosha." Nikaeleza, na naapa hata wakati ule nilieleza kwa maringo. Rejeta ile ya kupozea injini si ya Pijo, ni ya lori. Niliifunga mwenyewe mwaka ambao mama alianza kubeba masufuria manane, ili isichemke kwenye foleni za Jogoo Road na pilau ikapoa. "Rejeta ndiyo inaiokoa. Maji yakitoka, itakufa."

"Kwa hivyo yatoe."

Walinipa glavu na spana. Nikalala chali chini ya Pijo kwa mara ya mwisho, na shati langu safi. Nilijua lilipo lile bomba la kutolea maji bila kutazama. Nikalifungua. Maji ya moto yakamwagika, mengine yakapita glavu yakanichoma kifundo cha mkono, nikatoka, nikaukata mkanda wa feni, nikasimama kando. Mlio ukabadilika. Ulipanda, ukawa mwembamba, na mimi niliyeusikiliza miaka yote hiyo nikaona machozi yananitoka mbele za watu, nikayaacha yatoke. Kisha ikajifunga kwa mkwaruzo mmoja, ikanyamaza.

Asenath alikuwa ameshakimbilia ofisini. Cheti kilitoka saa tisa na dakika hamsini na nane. Palipoandikwa muda, paliandikwa dakika kumi na sita.

Mama Hanif alikisoma, akakikunja, akakitia mkobani. Halafu akaushika mkono wangu ulioungua, akaugeuza akautazama, akawageukia wale watu waliosimama kando ya uzio.

"Huyu ndiye fundi wangu," akasema. "Anaitwa Wabwire. Yuko Mbotela."

Wakanizunguka wakitoa simu zao. Kila mmoja alitaka namba, na yule mzee aliyeanza makofi akaniambia laiti angenijua mwaka jana. Walikuwa watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anatoka pale na gari. Niliwatajia namba yangu kwa sauti, tarakimu moja moja, nikairudia kwa yule mzee kwa sababu macho yake hayakuwa mazuri, na sikuondoka mpaka wa mwisho alipomaliza kuiandika.